Daftari la Gombe: walioendelea kuandika wageni walipoondoka

Simama kwenye roshani yenu, msomaji wa Nyayo Highrise, asubuhi ya leo kabla jua halijapanda. Upande mmoja ni mabati ya Kibera, yamebanana mpaka macho yanapokoma. Upande mwingine ni magari ya barabara ya Mbagathi. Na juu ya yote hayo wanazunguka mwewe, wale wale wanaomnyang'anya mtoto mandazi akizubaa. Umewaona tangu utotoni. Je, unajua huwa wangapi? Huanza kuruka saa ngapi? Mvua ikinyesha huenda wapi?

Usijilaumu. Nani katika mji huu ana nafasi ya kuhesabu mwewe? Lakini nakuomba ujaribu jambo moja ukishamaliza kusoma ukurasa huu. Chukua kalamu na daftari la shule, keti hapo roshani saa nzima, na kila baada ya dakika tano andika mwewe unaowaona ni wangapi na wanafanya nini. Usiandike unachofikiri, andika ulichokiona. Usiinuke kwenda kumimina chai. Usiguse simu. Mimi nilipojaribu nilifika dakika ya ishirini na tano, nikajikuta natazama watu wakigombania maegesho ya gari chini.

Nakuomba hivyo kwa sababu leo nataka kukusimulia habari za watu waliofanya kazi ya namna hiyo hiyo, si kwa saa moja bali kutwa nzima, kuanzia gizani mpaka gizani, mwaka baada ya mwaka, kwenye miteremko ya Gombe huko Kigoma, Tanzania. Wengi wao hawakupita darasa la saba. Kama wewe ni mwanafunzi unayeota kwenda kufanya utafiti au kujitolea kwenye kituo cha wanyama mlimani, hao ndio wa kuwajua kwanza.

SAFARI ILIYOANZIA MUSEUM HILL

Gombe ni mbuga ndogo. Nchi kavu yake ni kilomita mraba 35 hivi, ambayo haifiki hata thuluthi ya Mbuga ya Nairobi iliyo hapo ng'ambo ya barabara ya Lang'ata. Lakini si tambarare kama yetu. Ufuo wake wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Bonde la Ufa unaosimama nyuma yake unafika mita 1,500 hivi. Utasema Nairobi yenyewe iko juu kuliko hapo, na utakuwa umesema kweli. Ila kupanda mita mia saba kwa mikono na magoti, katikati ya miiba na mitambaazi, kabla ya staftahi, ni habari nyingine. Barabara ya kufika huko hakuna. Unapanda mashua Kigoma mjini na kufuata ufuo kwenda kaskazini.

Hadithi ya Gombe yenyewe ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1957 msichana Mwingereza wa miaka 23, Jane Goodall, alikuja Kenya kumtembelea rafiki. Akapata kazi ya ukarani kwa Dkt. Louis Leakey kwenye Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill. Digrii hakuwa nayo. Leakey alikuwa akitafuta mtu mwenye subira ambaye kichwa chake hakijajazwa nadharia za vitabuni, amtume akawatazame sokwe. Julai 14, 1960 binti huyo alishuka ufuoni pa Gombe pamoja na mama yake mzazi na mpishi, maana wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa mwanamke mdogo akae porini peke yake.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo akamwona sokwe dume, aliyemwita David Greybeard, akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa, kisha akawala. Mpaka siku hiyo wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba ni binadamu peke yake anayetumia na kutengeneza zana. Mwaka 1965 kituo cha utafiti kikaanzishwa rasmi, na wanafunzi wakaanza kumiminika kutoka Uingereza na Marekani, wakiwemo wengi wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Hayo huenda ulishayasikia. Bi. Goodall alipofariki Oktoba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 91, magazeti ya dunia nzima yaliyasimulia upya. Sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba simulizi hiyo huwa na mtu mmoja tu msituni, mwanamke wa kizungu na daftari lake, ilhali tangu siku za mwanzo kulikuwa na wenyeji kama Rashidi Kikwale waliokuwa wakimwonyesha njia, wakibeba mizigo na kumwambia wapi sauti za sokwe zimesikika alfajiri.

Mwaka 1969 likatokea jambo lililobadilisha utaratibu. Ruth Davis, msichana kutoka Marekani aliyekuwa akifanya kazi kituoni, alikwenda milimani kuwafuata sokwe, akaanguka kwenye genge, akafa. Baada ya msiba huo ikawa desturi kwamba mwanafunzi haendi milimani bila kufuatana na Mtanzania. Wale Watanzania, ambao kazi yao ilikuwa kuangalia mgeni asipotee wala asivunjike shingo, wakawa wanaona yote anayoyaona mgeni, tena mara nyingi kabla yake. Wageni walikuwa wakirudi vyuoni kwao baada ya mwaka mmoja au miwili. Wao walibaki. Haukupita muda wakawa ndio wanaowafundisha wanafunzi wapya kumtambua sokwe huyu na yule kwa uso, na hatimaye kalamu ikawa mikononi mwao.

KUTWA NA SOKWE MMOJA

Labda utauliza, kuna ugumu gani kumtazama sokwe? Hebu sikiliza siku yao ilivyo.

Sokwe hulala juu ya mti, kwenye kiota anachojitengenezea upya kila jioni kwa kukunja matawi. Watu wawili hutoka kambini usiku haujaisha, wakapanda mpaka chini ya mti ule ambako jana jioni sokwe wa zamu yao alilala. Wanangoja. Akiamka, wanaandika saa. Akishuka, wanamfuata. Kila baada ya dakika kumi na tano wanaandika yuko na nani, anakula nini, na njia aliyopita inachorwa kwenye ramani. Zaidi ya hapo kuna masimulizi: nani alimchambua nani manyoya, nani alimtisha nani, mtoto alinyonya lini, yule dume kijana aliponyimwa nyama alilia namna gani. Mwingine anajaza karatasi ya alama, mwingine anaandika maelezo. Hivyo mpaka jioni, sokwe apande juu, akunje matawi, alale. Ndipo na wao wanaanza kushuka gizani.

Dume akiamua kuvuka mabonde matatu, nao wanavuka matatu. Mvua za huko huanza kama Oktoba na kuendelea mpaka Mei. Sokwe mwenyewe hupita chini ya mitambaazi kwa miguu minne bila shida, wewe binadamu unajikokota kwa tumbo, daftari umelifunga kwenye plastiki kifuani. Na kuna siku nzima ambapo hakitokei chochote. Alikula chikichi, akalala, akaamka, akala tena. Unaandika hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya niandike makala haya. Masimulizi hayo, kwa miongo kadhaa sasa, yameandikwa kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili hiki hiki unachokisoma, ambacho wapo walimu wanaokwambia hakifai kwa sayansi. Maelfu kwa maelfu ya kurasa zimeandikwa kwa mkono na watu wa vijiji vya Kigoma, na maprofesa wa Marekani wakitaka kujua sokwe fulani alifanya nini mwaka fulani, sharti kwanza mtu awatafsirie. Hifadhi ya karatasi hizo ilipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota miaka ya 1990, baadaye ikahamia Chuo Kikuu cha Duke, chini ya Anne Pusey ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kijana wa utafiti Gombe mwaka 1970.

Mmoja wa waandishi hao alikuwa Hilali Matama. Januari 7, 1974 alikuwa akilifuata kundi la madume wa jamii ya Kasakela waliokuwa wakielekea kusini kimya kimya, bila kupiga kelele zao za kawaida. Wakamkuta dume aitwaye Godi, wa jamii jirani ya Kahama, akila peke yake mtini. Godi aliruka akakimbia. Wakamkamata, mmoja akamkandamiza chini na wengine wakampiga na kumng'ata kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha wakaondoka. Godi hakuonekana tena.

Fikiria jambo hilo vizuri. Miaka michache nyuma yake Godi na wale waliompiga walikuwa jamii moja, wakila pamoja na kuchambuana manyoya. Hakuna mtaalamu yeyote duniani aliyekuwa ameona sokwe wakivamia na kuua namna hiyo. Aliyeliona alikuwa Hilali Matama, na kama angeongeza chumvi au kupunguza, nani angejua?

USIKU WA MEI 19, 1975

Mwaka mmoja na miezi baadaye, vita vya sokwe vikiwa bado vinaendelea, vita vya binadamu vikaja kituoni. Usiku wa Mei 19, 1975 watu wenye silaha wapatao arobaini walivuka ziwa kwa mashua kutoka Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikuwa waasi wa Laurent Kabila, yule yule ambaye mwaka 1997 alikuja kuwa rais wa nchi hiyo. Wakawateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, wakawavusha ziwa.

Sitaki kukuchosha na habari za mazungumzo na fedha za kukomboa mateka. Yatosha kusema kwamba wa kwanza aliachiliwa baada ya siku chache ili apeleke madai, wa mwisho mwezi wa Julai, na wote wanne walirudi wakiwa hai. Lakini Gombe ilikwisha kuwa mahali pa hatari. Stanford haikuleta wanafunzi tena. Wageni wakaondoka. Bi. Goodall mwenyewe, ambaye wakati huo makao yake yalikuwa Dar es Salaam, akawa anakuja kwa siku chache tu kila mara.

Hapo ndipo kulipokuwa na jambo la kupotea. Sokwe wa porini anaweza kuishi miaka arobaini au hamsini. Jike huzaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu au zaidi, kisha hukaa miaka mingine minne, mitano, kabla ya kuzaa tena. Kumbukumbu za wanyama wa namna hiyo ni kama ukoo: ukikosa kuandika miaka mitano, ukirudi utakuta vijana usiojua mama yao ni nani na akina mama usiojua walikufa vipi. Miaka kumi na mitano ya kazi ingekatika kama uzi.

Haikukatika. Asubuhi baada ya asubuhi, wale watu wa Kigoma waliendelea kutoka kambini gizani. Kumbuka kwamba watu wenye bunduki walikuwa wamekwisha kufika mara moja, na ziwa lilikuwa pale pale. Hapakuwa na profesa wa kuwasimamia wala mwanafunzi wa kusahihisha daftari. Kama wangeamua kukaa kivulini na kujaza karatasi kwa kubuni, mtu aliye mbali asingejua upesi.

Na waliyoyaandika miaka hiyo hayakuwa mepesi. Kati ya 1975 na 1976 jike mmoja aitwaye Passion na binti yake Pom walianza kuwanyang'anya akina mama wenzao watoto wachanga na kuwala. Kufikia 1978 jamii ya Kahama ilikuwa imekwisha, madume wake wamemalizwa mmoja mmoja na Kasakela. Habari hizo zilipotoka wataalamu wengi hawakupenda kuziamini. Wengine walisema ukatili huo umeletwa na ndizi, kwa maana Bi. Goodall alikuwa ameanza miaka ya mwanzo kuwapa sokwe ndizi kambini ili wamzoee. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ndizi zilileta ugomvi kambini kweli, na utaratibu wa kuwalisha ukakomeshwa kabisa mwaka 2000.

Jibu lilichukua miaka arobaini. Mwaka 2014 wanasayansi waliweka pamoja kumbukumbu za jamii 18 za sokwe kutoka vituo mbalimbali vya Afrika, zikiwemo za Gombe, wakazichapisha katika jarida la Nature. Wakakuta kwamba kuua huko hakufuati ndizi wala kusumbuliwa na binadamu. Hutokea zaidi mahali penye madume wengi na msongamano mkubwa. Sokwe huua wenzao kwa sababu zao wenyewe. Daftari za Hilali Matama na wenzake zilikuwa zimesema kweli tangu zamani.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2009. Virusi vya ukimwi vya binadamu vilitokana na virusi vya sokwe, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba sokwe wenyewe havikuwa vikiwadhuru. Wasaidizi wa Gombe walikuwa wakiokota kinyesi na kukitia kwenye vichupa, wakiandika ni cha nani. Vipimo vya kinyesi hicho vilipolinganishwa na daftari la nani amekufa na lini, ikaonekana kwamba sokwe wenye virusi walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri ule ule. Hospitali kubwa duniani zisingeweza kugundua hilo bila mtu aliyekubali kuinama na kuokota kinyesi kwa kijiti.

Ukifungua makala hizo za kisayansi, majina ya mbele ni ya maprofesa. Wasaidizi hushukuriwa mwishoni, aghalabu kwa mstari mmoja. Mimi nasema huo ni upungufu. Ni haki kuongeza kwamba mambo yamekuwa yakibadilika. Deus Mjungu, Mtanzania, aliwachunguza sokwe hao hao wa Gombe, akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha akapewa kuongoza utafiti wa sokwe kituoni.

MAFUA YAKO NI SUMU

Kabla hujafunga begi, jua kwamba hatari kubwa unayoweza kuwapelekea sokwe haimo begini. Imo puani mwako. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliwapiga sokwe wa Gombe. Wengine walikufa na wengine wakabaki wakiburuta mkono. Baadaye, mara kwa mara, magonjwa ya kifua yameua wengi. Mwili wa sokwe unakaribia sana kuwa kama wetu, ila yeye hana kinga ya mafua tunayopeana ndani ya matatu kila Jumatatu.

Ndiyo maana mtafiti au mgeni mwenye kikohozi haruhusiwi kuwakaribia, hata kama amevuka bahari mbili kuja kuwaona. Umbali hupimwa kwa mita, barakoa huvaliwa, chakula hakiliwi mbele yao na mate hayatemwi ovyo. Kijana wa mjini asiyeweza kusema kwa ukweli, "Leo naumwa, sitakwenda," hafai kituoni, hata awe na alama gani shuleni.

NA WEWE WA HIGHRISE?

Najua mazungumzo yatakavyokuwa mezani.

"Mama, nikimaliza shule nataka kwenda mlimani kuchunguza wanyama."

"Wanyama? Mimi nauza sokoni nilipe karo, wewe ukafuate nyani?"

"Si nyani, mama. Ni sokwe."

"Hata kama. Nani atakulipa?"

Mama, swali lako ni la haki. Jibu la kweli ni kwamba mwanzoni huenda asilipwe na mtu. Kuna makampuni yanayouza safari za kujitolea kwa vijana wa Ulaya, na bei zao si za mfuko wetu. Tena ukitazama vizuri, wiki mbili za kupiga picha si utafiti. Mkenya anayetaka kufanya utafiti Tanzania huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia ya huko, na hapa nchini vibali vipo vile vile. Hubishi hodi kituoni na begi mgongoni. Unaingia kwa kupitia chuo kikuu chako, ukiwa na mwalimu anayekusimamia na swali unalotaka kulijibu.

Lakini njia zipo, na nyingine zinaanza karibu sana na mlango wenu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya wenyewe walianzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, na makao yake makuu yako barabara ya Lang'ata. Ukishuka Mbagathi na kupinda kulia, ni mwendo mfupi wa matatu. Kama shule yenu haina klabu, uliza inaanzishwaje. Dar es Salaam nako, mwaka 1991, wanafunzi wachache wa sekondari walikusanyika barazani kwa Bi. Goodall, na ndipo ulipozaliwa mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots ambao sasa uko katika nchi nyingi.

Milima pia si ya Kigoma peke yake. Wundanyi, katika milima ya Taita, Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 2011. Unapanda treni mpaka Voi, kisha matatu inapanda kona kwa kona mpaka baridi ikukumbushe sweta. Kwenye mabaki ya misitu ya huko yupo ndege mdogo, apalis wa Taita, ambaye hayupo popote pengine duniani, na aliyebaki ukingoni mwa kutoweka. Uganda, ndani ya msitu wa Kibale, mashariki ya milima ya Ruwenzori, Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo chake Kanyawara. Sokwe wa hapo wamekuwa wakifuatwa tangu 1987, na aliyeuanzisha mradi huo, Richard Wrangham, aliwahi kuwa mwanafunzi Gombe.

Kote huko utakapopeleka barua ya maombi, utaulizwa kama umewahi kufanya lolote la namna hiyo. Hapo ndipo daftari la mwewe linapokuja.

Basi turudi roshani. Saa sita hesabu itakuwa tofauti na ya asubuhi, kwa kuwa hewa ikipata joto mwewe hupanda juu bila kupiga mabawa. Chagua saa moja tu ya siku uishike kwa mwezi mzima, Jumapili na siku za shule. Andika tarehe, saa uliyoanza, mawingu, upepo, mvua. Wape majina ukiweza kuwatofautisha, labda yupo mwenye unyoya uliokatika mkiani. Wakishuka jaani upande wa Kibera andika, wakifukuzwa na kunguru andika ni kunguru wangapi. Mdogo wako akikuuliza unafanya nini, mpe saa ashike muda. Na siku ambayo utakaa saa nzima usimwone hata mmoja, usiliache ukurasa wazi wala usirudie hesabu ya jana. Andika tarehe, andika saa, kisha andika: hakuna.